Kompyuta Haijui Shamba

Nimechukia vitu vingi katika maisha yangu, vikiwemo viatu vya plastiki, uji usio na chumvi, na wanaume wanaosema "nakuja" huku bado wamelala. Lakini sijawahi kuchukia kitu kama nilivyoichukia ile kompyuta nene nyeusi iliyoletwa Ifakara mwishoni mwa miaka ya tisini kuchukua nafasi ya nyembamba niliyoipenda. Hadi leo nikiikumbuka, bega langu la kulia linauma.

Nilikuwa mwandishi wa orodha kwenye mradi mdogo wa vyandarua. Mradi wenyewe ulishafungwa zamani na waliokuwamo wametawanyika, kwa hiyo sitautaja. Kazi ilikuwa hivi. Wahesabuji walipita nyumba kwa nyumba, Kiberege, Kisawasawa, hadi mitaa ya Lipangalala nilikokuwa naishi na mama yangu. Kila nyumba ilikuwa na namba iliyopakwa rangi juu ya mlango, na kila mtu ndani ya nyumba alikuwa na namba yake. Karatasi zao zilifika mezani kwangu nami nikaziingiza kwenye kompyuta. Kwa kila jina kompyuta iliuliza swali moja tu, yuko wapi, na ilikubali majibu matatu: ukibonyeza moja, yupo, mbili, amehama, tatu, amefariki. Mwisho wa yote, kila mtoto wa chini ya miaka mitano ambaye mama yake yupo angepewa chandarua chenye dawa. Mama asipokuwapo kwenye orodha, mtoto wake hapati. Mbu wa bonde la Kilombero sina haja ya kuwaeleza. Wenyeji tunawajua, na mgeni akilala huku siku moja atawajua.

Ile kompyuta ya kwanza aliiacha mtaalamu mmoja wa kizungu aliyemaliza mkataba wake akarudi kwao. Ilikuwa na rangi ya majivu, nyembamba, unaifunga na kuipachika kwapani pamoja na daftari zako. Herufi zake zilizama chini ya kidole bila kelele. Mimi niliyejifunza kupiga chapa kwenye mashine ya chuma iliyonivunja kucha, niliona nimefika. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, sina mume wala mtoto, na mama alinitania kwamba laiti ile mashine ingekuwa na mdomo wa kutoa posa, ningekuwa nimeshaolewa siku nyingi. Nilicheka, ila moyoni nilijua anachosema.

Kwa kuwa niliipenda, niliivisha. Kwetu kitu cha thamani hakikai uchi. Redio ina kitambaa chake cha kufuma, makochi yana vyake, na hata mtungi wa maji ya kunywa una chake chenye shanga pembeni. Nikanunua uzi mweupe na wa zambarau, nikafuma kitambaa kizuri, nikaifunika kompyuta yangu kuanzia mbele hadi nyuma kabisa ili vumbi lisiingie. Nilipokuwa naandika, nilikunja upande wa mbele tu. Nyuma ilibaki imevikwa muda wote, ikiwa imewashwa au imezimwa. Kila aliyeingia ofisini alikisifia kile kitambaa, na wawili waliniomba niwafumie.

Sasa njoo kwenye jambo lenyewe. Mpunga unapoanza kutunga, watu wa bonde hawakai vijijini. Wanafunga nyumba kwa kufuli, wanabeba sufuria, chumvi na watoto, wanateremka mashambani kule chini karibu na mto, na huko wanakaa miezi kuamia, yaani kufukuza ndege wasile mpunga, mpaka wavune. Hilo analijua kila mtu, hata padri anajua, ndiyo maana msimu huo anahubiria mabenchi. Asiyejua ilikuwa programu ya kompyuta. Kanuni yake ilisema mlango ukikutwa umefungwa mara tatu, kaya imehama. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nimeshabonyeza mbili kwenye kaya za watu nisiowajua, karatasi juu ya karatasi, bila hata kujikuna. Nilifuata kanuni, nikanywa chai.

Mpaka siku moja ilipofika karatasi ya Kiberege yenye jina la dada yangu. Dada yangu mkubwa, tumbo moja. Mlango umefungwa, mara ya tatu. Nikajua mara moja yuko wapi: yuko shambani na mumewe, na mgongoni ana mtoto wa miezi mitatu ambaye mimi mwenyewe nilikuwa nimempelekea nguo. Yule mtoto alihitaji chandarua kuliko mtu yeyote niliyemjua, maana kule chini watu wanalala kwenye vibanda vya nyasi na mbu wanaingia kama wenye nyumba.

Nikamwendea msimamizi wetu. Alikuwa mwanamume mtaratibu, mtu wa nyanda za juu, mwenye suruali iliyonyooshwa hata siku ya mvua. Nikamweleza kwamba huyu hajahama, huyu ni dada yangu, yuko shamba kama watu wote, niachie nibonyeze moja. Akaisoma karatasi, akanirudishia.

"Kompyuta haijui shamba," akasema. "Inajua yupo, amehama, amefariki. Wewe ungependa nichague ipi?"

Nikamwambia basi iongezwe ya nne. Akasema ameshaandika barua makao makuu mara mbili na jibu bado. Kisha akaongeza, kwa ile sauti yake ya upole inayoudhi, kwamba kila mwamba ngozi huvutia kwake, na leo nikianza na dada, kesho nitakuja na shangazi. Alisimama nyuma ya kiti changu mpaka nikabonyeza mbili. Na vile alivyokuwa sahihi kuhusu ngozi ndivyo nilivyozidi kukasirika.

Lakini sikukata tamaa. Ile nyembamba ilikuwa na huruma moja: mpaka mwezi ufungwe, ungeweza kurudi nyuma na kubadilisha. Nikamtumia dada ujumbe kwa watu wanaoteremka mashambani kwamba apande Kiberege siku moja tu, akae mlangoni kwake, mhesabuji amwone, nami nirudi nimgeuze kuwa moja. Jibu likaja kwamba ndege ni wengi na akiondoka siku moja atavuna majani. Nikatuma tena. Nilikuwa na siku tisa kabla ya mwezi kufungwa, na nilizihesabu kama mfungwa.

Siku ya nne, saa tano asubuhi, kompyuta yangu ikazimika mikononi mwangu. Haikutoa moshi, haikulia. Kioo kiliingia giza, na nilipoigusa kwa nyuma ilikuwa ya moto kama pasi. Nikaikunja, nikaikunjua, nikaiombea, wapi. Ikapelekwa Dar es Salaam kwa gari la mradi, pamoja na disketi zenye nakala ya orodha.

Maneno ya fundi yalirudi kabla ya kompyuta. Alimwambia msimamizi kwa simu kwamba mashine ile ilikuwa inapumulia nyuma, na tundu la pumzi lilikuwa limezibwa na nyuzi za pamba, nyeupe na za zambarau. Alitaka kujua ni mdudu gani wa Ifakara anayetengeneza nyuzi za namna hiyo. Msimamizi alinieleza hayo bila kucheka, na nadhani angecheka ningepona haraka zaidi. Nilienda msalani nikalia. Nilikuwa nimeinyonga mwenyewe, kwa mapenzi.

Wiki iliyofuata ikaletwa nene.

Ilikuwa imetumika kwenye ofisi ya watu wa biashara huko Dar, wale wanaosafiri na kompyuta zao kwenye mabasi na ndege, na ilitengenezwa kwa vishindo vyao. Nyeusi tititi. Mfuniko mgumu, vibanio viwili mbele vya kufungulia kwa nguvu, na katikati ya herufi kidude chekundu, kama kichwa cha njiti ya kiberiti, ambacho unakisukuma kwa ncha ya kidole ili mshale utembee kwenye kioo. Mshale wenyewe ulitembea unakotaka. Herufi zilipiga kelele kana kwamba mtu anapukuchua mahindi. Kioo kilikuwa hafifu, rangi ya maji ya mchele. Na uzito, jamani! Ukiweka na chaja yake na betri ya akiba, ungedhani umetumwa tofali na mkwe. Ofisi nzima ikaiita Tofali tangu siku hiyo. Dereva akaniuliza kama ninakwenda kuchaji betri ya lori.

Nikajaribu kuivika kile kitambaa, kwa ubishi tu. Hakikutosha hata mfuniko. Nikakikunja nikakitia ndani ya mkoba.

Nilivumilia yote hayo mpaka nilipoifungua orodha. Fundi, katika kuhamisha mambo kutoka disketi kuingiza kwenye Tofali, alikuwa amefunga mwezi. Hakuulizwa, alifunga tu, kwa kuwa tarehe ilikuwa imepita wakati kompyuta iko mezani kwake. Nikatafuta jina la dada. Hilo hapo: amehama. Nikajaribu kubonyeza moja. Tofali likatoa mlio. Nikabonyeza tena, likatoa mlio. Aliyehama kwenye mwezi uliofungwa harudi. Nikabonyeza mpaka msimamizi akatoka chumbani kwake kuangalia kinacholia.

Nilimwambia yote, safari hii kwa sauti ya juu. Nikamwambia kwamba dada yangu ameondolewa duniani na kitambaa changu, na orodha ya vyandarua inafungwa Jumamosi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alisema anasikitika, na nadhani ilikuwa kweli. Kisha akalitazama Tofali, akaligonga mgongoni kwa vidole, akasema hii sasa inaweza kutembea. Ile ya kwanza tuliogopa hata kuivusha barabara. Akaniagiza nilibebe niteremke nalo mashambani, niwaandike watoto wachanga wote walioko huko na ambao bado hawamo kwenye orodha, hukohuko walipo, labda wao mashine itawakubali, kabla ya Jumamosi.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wangeniona Alhamisi ile wangesema tulikwambia.

Gari la mradi lilinishusha Kiberege. Hapo nikaazima baiskeli, nikalifunga Tofali kwenye keria kwa mipira ya tairi, nikateremka. Njia ya mashambani wakati ule wa mwaka ni tope jeusi linalong'ang'ania tairi, na baada ya nusu saa nilikuwa nasukuma zaidi ya kupanda. Kwenye kivuko cha miti miwili, baiskeli ikateleza. Mimi nikaangukia kulia, Tofali likaangukia kushoto, chini, kwenye tope, kwa kishindo. Nikakaa pale nikalitazama. Nasema ukweli wangu: nilitamani life. Likifa, orodha haiwezi kufungwa Jumamosi, labda itaanzwa upya, na dada anapata siku za kupanda Kiberege.

Nikalipangusa kwa upande wa khanga yangu, nikalifungua vibanio, nikaliwasha. Likawaka. Nikalitukana kwa Kipogoro, lugha ya mama, maana Kiswahili hakikutosha.

Nilimkuta dada juu ya dungu, kile kibanda kilichoinuliwa kwenye nguzo ambako mtu anakaa kuamia. Mtoto alikuwa mgongoni, kombeo mkononi, na mbele yake kamba ndefu za makopo zilizotandazwa juu ya mpunga ambazo alizivuta zikagonga. Mumewe alikuwa upande wa pili wa shamba, sauti yake inasikika ila haonekani. Nikamwamkia kutoka chini.

"Shikamoo dada."

"Marahaba." Akavuta kamba, makopo yakagonga, ndege wakainuka. Ndipo akaniangalia. "Nimesikia nimehama. Niambie na mimi, mdogo wangu. Nimehamia wapi?"

Mhesabuji wa Kiberege alikuwa ameshamtumia habari kwa wapita njia, na alikuwa amemwambia pia ni mkono wa nani ulioandika. Nilipanda ngazi na Tofali langu, nikakaa, nikamweleza kuanzia kanuni ya milango mpaka kitambaa. Alisikiliza huku anaamia. Kila nilipofika mahali pa kuomba radhi, ndege walitua, akasimama kupiga kelele, nami ikabidi nianze upya. Aliniuliza swali moja tu, kama mimi nilikuwa sijui kwamba yuko shamba. Nikasema nilijua. Akatikisa kichwa, akarudi kwenye kamba zake.

Nikalifungua Tofali. Kwenye jua la mchana kioo kilikuwa hakisomeki kabisa, ikabidi nijifunike khanga kichwani pamoja na mashine, nikawa kama mtu anayejifukiza. Humo ndani, jasho likinitiririka, nikaanza kumwandika mtoto. Jina, likakubali. Siku ya kuzaliwa, likakubali. Namba ya mama. Nikaandika namba ya dada. Mlio. Likaandika kwamba mama huyu amehama. Nikajaribu kumwandika dada kama mtu mpya aliyehamia. Likakubali, kisha likanijulisha kwamba mgeni ataingia kwenye orodha msimu ujao. Nikafuta. Nikarudi kwa mtoto. Mlio.

Nikatoka kwenye khanga kuvuta pumzi. Mtoto alikuwa ameshushwa mgongoni, amelazwa kwenye mkeka, ananitazama. Mikono na shingo yake vilikuwa na alama za mbu zilizokwaruzwa zikawa vidonda. Nilimwinua nikamweka mapajani, karibu na mashine, huku nikimwonyesha dada ile mistari kwenye kioo, nikimweleza kwamba kwa mujibu wa hili Tofali mtoto huyu bado hajazaliwa, kwa kuwa hana mama.

Mtoto ambaye hajazaliwa akakojoa.

Alikojoa mkojo mwingi, wa moto, moja kwa moja juu ya herufi. Nikapiga yowe, nikampa dada mtoto wake, nikaligeuza Tofali kichwa chini, mkojo ukachuruzika kati ya mbao za dungu. Kitu pekee kikavu nilichokuwa nacho kilikuwa kile kitambaa changu cha kufuma, kimo mkobani. Nikalipangusa kwacho. Nilipoligeuza tena, ile alama ndogo ilikuwa bado inapepesa pale pale kwenye namba ya mama, inangoja. Nyembamba yangu ingekuwa imekufa mara saba. Dada alianza kucheka, na akicheka dada yangu anacheka mwili mzima, dungu likatikisika, nami hasira zote zile zikanigeuka kuwa kicheko na machozi kwa pamoja. Tulicheka mpaka ndege wakatua shambani kwa wingi, na shemeji akafoka kutoka kule mbali kuuliza tuna nini.

Dada aliponyamaza, akamtazama mtoto, akawa anambonyeza kidogo vile vidonda shingoni.

"Kwa hiyo hapati," akasema.

Sikuwa nimepanga nililolifanya. Nililitazama lile pengo linalopepesa, nikaona kwamba halimtaki dada yangu, linataka namba tu, ya mwanamke yeyote aliyepo. Na mimi nilikuwa nipo. Nyumba yetu ya Lipangalala ilikuwa na namba juu ya mlango, jina langu lilikuwa na moja yake safi, kwa sababu nilikuwa nimejibonyeza mwenyewe. Nikamwambia dada ninachotaka kufanya. Nikamwambia ni uongo, na kwamba ukijulikana nitafukuzwa kazi.

Kutaka chandarua alikuwa anataka, hilo nililiona. Lakini niliona pia anavyomvutia mtoto kifuani.

"Andika," akasema. "Ila uchungu niliusikia mimi."

Nikaingia tena chini ya khanga, nikaandika namba yangu. Tofali halikulia. Likaandika: mtoto amezaliwa, mama yupo, Lipangalala.

Jioni ile na siku iliyofuata nilipita madungu mengine. Nilikuta wanawake wanne wengine, wote na watoto wachanga, wote niliwahamisha mimi kwa kidole hiki. Hao sikuwazalia. Nisingeweza kuwa na watoto watano wa umri mmoja. Niliwaandika kwenye daftari kwa peni, nikawaahidi nitawapigania, na mmoja wao alinikaribisha uji nikaunywa nikiwa nimeinamisha uso. Niliwapigania kweli, kwa maneno na kwa barua. Msimu ule hawakupata. Kila mmoja wao nilimjua kwa sura, na hilo sijajisamehe.

Chandarua cha mtoto wangu nilikipokea Lipangalala kwa kutia saini. Shemeji alikuja kukichukua kwa baiskeli. Mama aliposikia kwamba ana mjukuu mpya na kwamba amezaliwa nyumbani kwake bila yeye kuchemsha hata maji, alikaa chini kucheka, kisha akaacha kucheka, akaniuliza kwa upole kama mtoto hajambo. Nikasema hajambo.

Na Tofali? Nililibeba misimu miwili zaidi. Halikufa, halikuharibika, halikupata hata ufa. Liliendelea kupukuchua mahindi yake na kulivuta bega langu, na watu wakasema una bahati, umepata mashine ya kazi. Ile nyembamba ilirudishwa siku moja kutoka Dar ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki, haifai hata kwa vipuri, nikaiomba nikanyimwa.

Msimu wa pili, barua za msimamizi hatimaye zikajibiwa. Ikaja programu mpya kwenye disketi, na ilikuwa na jibu la nne: yuko shamba. Nilifanya kazi siku tatu mfululizo bila kunyanyua kichwa. Niliwarudisha wale wanawake wanne mmoja mmoja, pamoja na watoto wao. Nilimrudisha dada, kwa namba yake ileile ya zamani. Lakini mtoto hakurudi naye. Mtoto alikuwa tayari ana mama, na kumbadilishia mama kulitaka barua ya maelezo yenye saini ya msimamizi. Niliianza hiyo barua mara kadhaa. Nilikuwa na mama wa kumlisha, nikaiacha.

Halafu ikaja karatasi ya Lipangalala. Mhesabuji alikuwa amepita nyumbani kwetu mara tatu. Mama yupo. Mimi nipo. Mtoto wa kiume, mwaka mmoja na miezi, hajaonekana. Msimamizi ndiye aliyeniletea ile karatasi mwenyewe. Aliiweka juu ya meza, akainyoosha kwa kiganja kama anavyonyoosha suruali zake, akasimama nyuma ya kiti changu palepale aliposimama siku ile.

"Mtoto wako," akasema taratibu. "Yuko wapi?"

Sikugeuka. Tangu nilipoanza kazi ile nilikuwa nimebonyeza uongo mwingi ambao kanuni iliuita kweli, na uongo mmoja wa kwangu mwenyewe. Sasa hapo mbele yangu palikuwa na majibu manne, na mojawapo, kwa mara ya kwanza, lilikuwa kweli tupu. Muda ule yule mtoto alikuwa juu ya dungu, amekaa karibu na mama yake, anajifunza kuvuta kamba za makopo.

Nikabonyeza nne.